Soma lebo kabla ya bei: pawa saplai ya kompyuta unayoiunda Malambo

Mnadani hakuna anayenunua ng'ombe kwa kutajiwa uzito tu. Mnunuzi humzunguka, humwangalia meno na kwato, humtembeza hatua chache, ndipo bei ianze. Lakini kwenye pawa saplai ya kompyuta, watu haohao hununua mbuzi kwenye gunia. Wanaona "500W" ubavuni mwa boksi, wanalipa, wanapanda gari.

Kijana mmoja wa Malambo alinijia Karatu na kompyuta aliyoiunda mwenyewe kwa ajili ya kibanda chake cha kuchapa barua, fomu na picha za pasipoti.

"Shikamoo fundi," alisema. "Hii mashine nikiandika barua inakaa siku nzima. Nikifungua programu ya picha tu, inazima."

Nilifungua ubavu wa kasha, nikachomoa pawa saplai, nikaibeba kwa vidole viwili. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Juu ya lebo, herufi kubwa zilisema wati 500. Chini yake, kwa herufi ndogo, mstari wa volti 12 ulisema ampea 14. Zidisha 12 kwa 14 upate wati 168. Hizo ndizo alizokuwa nazo kwa kazi nzito.

"Kwa hiyo fundi, nimepigwa?"

"Keti mwanangu, tuisome pamoja."

Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyapitia siku ile, pamoja na mengine ambayo ningependa kila anayeunda kompyuta upande wa Ngorongoro ayajue kabla hajatoa pesa yake. Malambo iko mbali na maduka. Kifaa kikifa huko, gharama yake ni bei ya kingine, nauli ya kwenda Karatu au Arusha, na siku ambazo kibanda kimefungwa.

Kazi ya pawa saplai ni kuchukua umeme wa ukutani, volti 230, na kuugeuza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Prosesa, ramu, diski na feni vyote vinakula chungu hiki kimoja. Chungu kikiwa kibovu, hakuna atakayeshiba, na mara nyingine wote wanaugua.

1. Piga hesabu ya mzigo

Chukua kalamu. Andika kila kilichomo ndani ya kasha na wati zake. Mashine ya kijana yule ilikuwa hivi:

- Prosesa Core i5-6500: wati 65
- Madabodi: kama wati 30
- Vipande viwili vya ramu: wati 8
- Diski ya SSD: wati 4
- Hadidiski ya inchi 3.5: wati 8
- Feni mbili: wati 6
- Kibodi, mausi na flashi: wati 5

Jumla ni wati 126. Kisha alikuwa ameongeza kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti, ambayo hula hadi wati 75. Jumla ikawa 201. Sasa unaona kwa nini barua zilichapika na picha zikazima mashine. Wakati wa barua, prosesa na kadi hulala nusu usingizi. Picha zikifunguka, vyote viwili huamka na kudai haki yao kwenye mstari wa volti 12.

Ongeza nusu ya jumla hiyo kama akiba. Mama anayekwenda kuchota maji hampakii punda mzigo wa mwisho anaoweza kusimama nao, kwa kuwa njiani kuna kilima. Kompyuta nayo ina vilima vyake: hadidiski inapoanza kuzunguka inaweza kudai zaidi ya wati 20 kwa sekunde chache, na prosesa hupanda ghafla kazi inapozidi. Bila kadi ya grafiki, 126 na nusu yake ni 189, hivyo pawa saplai ya kweli ya wati 250 au 300 inatosha. Pamoja na kadi, 201 na nusu yake ni karibu 300, hivyo tafuta ya wati 350 au 400.

Usikimbilie ya wati 800 kwa kudhani kubwa ni salama zaidi. Pawa saplai kubwa inayobeba mzigo mdogo hupoteza umeme mwingi kwa uwiano, na wewe unayetumia sola ndiye unayelipa.

2. Soma mstari wa volti 12

Hadi miaka ya mwisho ya 1990, kompyuta nyingi zilitegemea volti 5. Kuanzia mwaka 2000, zilipokuja prosesa za Pentium 4, mzigo mkubwa ulihamia volti 12, na hapo ndipo ulipo hadi leo. Pawa saplai za bei ya kutupa bado hujaza lebo kwa ampea nyingi za volti 5 na 3.3 ili jumla ionekane kubwa. Ile ya kijana wangu ilitangaza ampea 30 za volti 5, ambazo mashine yake haikuwa na kazi nazo.

Kanuni ni moja: tafuta ampea za volti 12, zidisha kwa 12. Pawa saplai nzuri ya wati 400 huwa na ampea 30 hivi, yaani wati 360. Kama jibu lako liko chini sana ya namba kubwa ya kwenye boksi, irudishe kwenye shelfu. Kama haina lebo kabisa, usiulize bei.

Kisha tumia mikono. Ibebe. Pawa saplai ya kweli ina uzito, kwa sababu ndani mna transfoma, koili na vipande vya alumini vya kupoza joto. Tazama nyaya zake: pembeni mwa waya mnene na mzuri huwa pameandikwa namba 18 na herufi AWG. Namba 20 au 22 ni waya mwembamba zaidi, hata kama ganda lake ni nene.

3. Ilinganishe na umeme ulionao

Watu wengi huruka hatua hii. Pawa saplai inayofaa mjini Arusha inaweza kukusumbua Malambo.

*Umeme wa nguzo au jenereta.* Mwisho wa laini ndefu, jioni kila mtu akiwasha, volti hushuka. Tafuta lebo iliyoandikwa 100–240V kwenye upande wa kuingia. Hiyo huendelea kufanya kazi hata umeme ukishuka hadi 170. Iliyoandikwa 200–240V pekee itazimika, au itahangaika hadi ichoke.

Kwenye pawa saplai za zamani, hasa zilizotoka Marekani, utakuta swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, upande mmoja 115, upande wa pili 230. Nimeletewa mashine ya zawadi iliyochomekwa swichi ikiwa 115. Ilitoa mlio mmoja mkali, harufu ya kuungua ikajaa chumba, ikawa imekufa kabla haijawaka hata mara moja. Kabla hujachomeka mtumba wowote, iangalie swichi hiyo. Ikiwa 115, isogeze kwa ncha ya bisibisi waya ukiwa umechomolewa.

*Umeme wa sola.* Hapa inverta na pawa saplai lazima zielewane. Inverta za bei rahisi hutoa mawimbi ya ngazi ngazi, na pawa saplai nyingi za kisasa hazipatani nayo: hulia, hupata moto au hukataa kuwaka. Nunua inverta ya mawimbi laini, ile wauzaji wanaiita pyua sain.

Kisha tazama alama ya 80 PLUS. Mpango huo ulianza mwaka 2004, na maana yake ni kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia hufika kwenye kompyuta, na unaobaki hugeuka joto. Kuna daraja la kawaida, la shaba, la fedha, la dhahabu na kuendelea. Kwa kibanda chako shaba inatosha, na faida yake inahesabika. Tuseme kompyuta inakula wati 60 ukiwa unaandika barua. Pawa saplai mbovu inayofikisha asilimia 70 itavuta wati 86 kutoka kwenye inverta. Ya shaba inayofikisha asilimia 85 itavuta 71. Tofauti ni wati 15. Kwa saa 6 za kazi ni wati-saa 90, nazo zinawasha taa ya LED ya wati 9 kwa saa 10. Ni usiku mzima wa mtoto kusoma, uliokuwa unapotea kama joto nyuma ya kasha.

Kumbuka pia kuwa monita na printa hazipiti kwenye pawa saplai, ila zinapita kwenye inverta. Monita ya kawaida ni kama wati 20. Printa ya leza inapopasha moto hudai mamia ya wati kwa mpigo, na inverta ndogo itaanguka. Kwa sola, printa ya wino ndiyo rafiki yako.

Ziko pia pawa saplai ndogo za DC zinazochomekwa moja kwa moja kwenye betri bila inverta. Ni nzuri kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki, kwa sharti moja: ziwe zinakubali volti zinazopanda na kushuka, kwa mfano kutoka 6 hadi 30. Betri ya volti 12 ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na zile zinazotaka 12 kamili zinaweza kuzimika au kuungua.

4. Hakikisha plagi zinaingia

Madabodi ya kawaida ina plagi kubwa ya pini 24 na nyingine ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Kadi kubwa za grafiki hudai plagi zake za pini 6 au 8. Hesabu plagi zako kabla ya safari.

Jihadhari zaidi ukitumia madabodi ya ofisini, kama za Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo zimejaa kwenye mitumba. Nyingi hazitumii plagi ya pini 24. OptiPlex 9020, kwa mfano, ina ya pini 8. Unahitaji kiunganishi maalumu au pawa saplai yake yenyewe. Ipige picha plagi ya madabodi kwa simu, mwoneshe muuzaji.

5. Mtumba upimwe mbele yako

Pawa saplai iliyotumika si haramu, mradi muuzaji akubali ipimwe. Ikiwa haijaunganishwa na madabodi, chukua kipande kifupi cha waya, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi kwenye plagi ya pini 24, kisha washa. Kama nyaya zote ni nyeusi, la kijani ni tundu namba 16 na lililo jirani, namba 17, ndilo jeusi. Feni itazunguka. Sasa weka multimita. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa rangi ya chungwa karibu na 3.3. Nje ya hapo, achana nayo.

Inuse pia. Harufu ya kuungua ni ushahidi. Lakini usiifungue. Kapasita za ndani hubeba volti zaidi ya 300 na huzitunza hata baada ya kuchomoa waya. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

6. Vumbi, ardhi na radi

Tambarare za Malambo ziko upande unaopokea upepo utokao Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano, na vumbi la huko lina majivu yake. Ni laini na hupenya kila tundu, na feni ya pawa saplai huvuta hewa mchana kutwa. Weka kasha mezani, mbali na mlango. Kila baada ya miezi mitatu lipulize kwa blowa kupitia matundu, huku umezuia feni isizunguke kwa kijiti.

Ukigusa kasha na kuhisi linakutekenya, hakuna waya wa ardhi, au upo lakini haufanyi kazi. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri. Fundi achimbie fimbo ya shaba sehemu yenye unyevu, azungushie mkaa na chumvi, na wewe uimwagilie kiangazi. Mvua ya radi ikianza, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Kijana wangu alirudi Malambo na pawa saplai ya wati 400 yenye alama ya shaba, ampea 30, inayokubali volti 100 hadi 240. Kabla hajaondoka tulipima waya wa njano programu ya picha ikiwa wazi, ukasoma 12.1. Nikaandika namba hiyo na tarehe kwenye karatasi, tukaibandika ndani ya kifuniko cha kasha. Nawe fanya hivyo siku utakayowasha mashine yako. Mwaka ukipita, pima tena. Ukikuta imeshuka hadi 11.5, pawa saplai imeanza kuchoka, na una muda wa kutafuta nyingine kwa utulivu kabla haijakuacha foleni ya wateja ikiwa mlangoni.