Mchonga Mawe wa Buhera

Katika nchi ya Zimbabwe pana safu ndefu ya vilima, yapata kilometa 500, na humo hupatikana jiwe liitwalo serpentini. Aina yake iliyo ngumu kabisa ina ganda la rangi ya kutu, lakini ndani ni nyeusi. Mmoja wa waliotumia maisha yao kulichonga jiwe hilo ni Nicholas Mukomberanwa, aliyezaliwa Buhera mwaka 1940.

Yeye hakuanza na jiwe. Alipokuwa kijana alisoma katika misheni ya Serima, kwa Padre John Groeber, Mswisi aliyejua sana kazi ya ujenzi. Huko wanafunzi walifundishwa kuchora, kufinyanga na kuchonga mti, na milango na nguzo za kanisa lao ni kazi ya mikono yao. Watu waliochongwa humo wana macho makubwa na vipaji vya uso vipana. Mkono wa Nicholas haukuzisahau sura hizo hata alipouacha mti.

Mwaka 1962 alikwenda Salisbury, mji uitwao leo Harare, akawa askari polisi. Huko alikutana na Frank McEwen, mkuu wa jumba la sanaa, aliyewapa vijana Waafrika mahali pa kufanyia kazi, wala hakutaka waige mambo ya Ulaya. Basi Nicholas akawa na kazi mbili: zamu ya askari, kisha nyundo na patasi. Nalo jiwe si kama udongo. Ukikosea katika udongo, waweza kuufinyanga upya. Kipande cha jiwe kikisharuka, hakirudi. Mchongaji hugonga polepole, hukwangua kwa tupa, husugua kwa msasa na maji, hulipasha jiwe moto, kisha hulipaka nta, ndipo weusi wake hung'aa.

Alikaa hivyo miaka mingi. Mwaka 1976 aliacha upolisi ili aishi kwa patasi yake. Msidhani lilikuwa jambo jepesi! Nchi ilikuwa vitani, naye alikuwa na jamaa ya kulisha. Mimi mwalimu, ningojaye mshahara kila mwisho wa mwezi, sijui kama ningethubutu.

Sanamu zake za kwanza zilifanana na zile za Serima. Kadiri miaka ilivyopita, alizidi kupunguza. Uso ukawa pembe chache na mifuo iliyokatwa ndani sana, na kando yake sehemu pana laini isiyo na alama yo yote. Mtu atazamaye kwa haraka husema, "Hapa hakumaliza." Lakini kivuli kikiingia katika mifuo ile, utaona mtu ameinama, anafikiri.

Baadaye alikaa shambani Ruwa, karibu na Harare, akawafundisha vijana kazi hiyo, na watoto wake mwenyewe pia. Alifariki mwaka 2002. Ennica, binti yake, naye ni mchonga mawe.