Nafuu za Kisheria kwa Mdaiwa Aliyelemewa

Swali: Mkulima wa Handeni alikopa mjini Korogwe. Mahindi yamekauka, na mkopeshaji amemshtaki Mahakama ya Wilaya. Eleza nafuu tatu za kisheria alizonazo.

Jibu:

(i) Kulipa kwa awamu. Ahudhurie kesi na kutoa sababu za kutosha, mahakama iamuru alipe kidogo kidogo. Hukumu ikishatolewa, awamu huhitaji ridhaa ya mdai.

(ii) Kinga ya mali. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kifungu cha 48, inakataza kukamata nguo, vyombo vya kupikia, jembe na nyumba anayoishi na familia yake.

(iii) Kufilisika. Aombe Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25. Wadai wa kawaida hugawana mali yake kwa uwiano.

Zingatia: Kujificha hakufuti deni; humnyima nafuu ya kwanza.