Filamu za Ahera na Mjane Asiye na Kaburi

Tuchukue mfano wa mama mjane katika kijiji cha wachimbaji wadogo mkoani Geita. Mumewe alifukiwa na kifusi duarani, na mwili haukupatikana. Matanga yamekwisha anuliwa, wageni wamerudi kwao, naye amefika zahanati akilalamikia kichwa na kukosa usingizi. Shinikizo la damu ni la kawaida, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Muuguzi anamuuliza, "Pole, mama. Usiku usingizi ukikataa, huwa unafanya nini?" Anajibu kwa haya kwamba hutazama filamu katika simu ya mwanawe, tena ileile kila siku. "Najua ni maigizo, mwanangu. Lakini yule marehemu akishaaga, nami nalala."

Wengi wetu tungelipita jibu hilo na kuandika dawa ya maumivu. Kumbe hapo ndipo ugonjwa ulipojieleza.

Filamu anayoitazama ni Ghost, iliyotoka Marekani mwaka 1990. Kijana anauawa, roho yake inabaki karibu na mpenzi wake, na mwishoni wanaagana. Mjane wetu hakupata kuaga. Msiba wa kawaida una mwili, una kaburi, una udongo unaotupwa kwa mkono. Kifusi kimemnyima vyote. Mwanasaikolojia Pauline Boss ameeleza kwa kirefu msiba wa namna hii, ambamo mtu hayupo na kifo chake hakithibitiki. Katika ukanda wetu shaka hiyo si upuuzi. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangalata, wilayani Kahama, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Aliyesikia habari ile atawezaje kuambiwa aache kungoja?

Filamu humpa mfiwa kile alichonyimwa, tena kwa kipimo. Ina mwanzo na mwisho, na simu huzimwa. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huyumba kati ya kuukabili msiba na kurudi kwenye shughuli za maisha, na kuyumba huko ndiko kunakomponya. Anayelia saa mbili usiku, kisha alfajiri akaenda kuponda mawe au kulima mpunga, yumo katika njia hiyo. Hata akisema alisikia sauti ya marehemu mlangoni, usikimbilie kumwita mgonjwa wa akili. Daktari Dewi Rees aliwahoji wajane na wagane 293 huko Wales, na mwaka 1971 akachapisha kwamba karibu nusu yao waliwahi kuhisi uwepo wa marehemu.

Si kila filamu inafaa, hata hivyo. Katika Coco ya mwaka 2017, wafu huishi ng'ambo maadamu walio hai wanawakumbuka. Msukuma aliyelelewa katika heshima ya masamva, yaani mizimu ya wahenga, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Lakini katika filamu hiyo anayesahauliwa na wote hutoweka kabisa, na nachelea kwamba mjane aliyeanza kucheka tena anaweza kujiona anamuua mumewe mara ya pili. Aambiwe wazi kwamba kucheka si kusahau.

Lililo zito zaidi ni filamu za kutisha zinazoonyeshwa katika vibanda umiza, ambamo marehemu hurudi kudai kisasi na mganga humtaja mchawi. Shinyanga na Geita tunajua mwisho wa hadithi hiyo nje ya kibanda. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yameharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe. Mfiwa akianza kusema "nimeonyeshwa aliyemuua", msikilize bila kubisha, mweleze jinsi duara linavyoporomoka mvua ikilowesha kuta zisizo na magogo ya kutosha, kisha mhusishe afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Bibi wa jirani anaweza kuwa hatarini kabla ya jua kuchwa.

Kwa mtoa huduma, maswali ni machache: unatazama filamu gani, unatazama na nani, na ukimaliza unajisikiaje? Akijibu kwamba hulala, mwache na filamu yake. Akiwa na jamaa wa kutazama naye, ni vyema zaidi. Akiwa haendi tena kazini, hali, au amekesha wiki nzima, mpe rufaa. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, unatambua majonzi ya muda mrefu kuwa ugonjwa yanapozidi miezi 6, yakapita desturi za jamii ya mfiwa na kumvurugia maisha. Lakini anayesema anataka kumfuata marehemu hangojewi miezi hiyo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, na usimwache peke yake hadi amekabidhiwa kwa mtaalamu.

Nawe uliyefiwa, ukiulizwa na muuguzi, itaje filamu yako bila kuona haya.