Kope Lililoshonwa na Konea Inayotulia

Kila Novemba, mtihani wa kuingia chuo kikuu ukishakwisha nchini Korea Kusini, kliniki za Seoul hujaa vijana. Wengine wanataka kutengenezewa mkunjo wa kope la juu, upasuaji ambao daktari Mikamo wa Japani aliueleza kwa maandishi tangu mwaka 1896. Wengine wamechoka na miwani, wanataka leza. Wapo pia wanaotaka yote mawili kabla muhula wa Machi haujaanza, nao huuliza: nikishatengeneza kope, ningoje muda gani ndipo nipigwe leza?

Madaktari wengi huwataka wangoje walau miezi 3, wengine 6. Lakini namba hiyo haimsaidii mtu asiyejua jicho lake linangoja nini. Basi tuanze na mwanga wenyewe.

Mwanga hupinda unapotoka hewani na kuingia majini. Ndiyo maana kijiti kilichotumbukizwa kwenye glasi ya maji huonekana kama kimevunjika. Katika jicho, hewa inakoma kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ambao daima umelowa machozi. Hapo ndipo mwanga unapopinda zaidi. Jicho zima lina nguvu ya diopta 60 hivi, na kati ya hizo konea peke yake hutoa kama 43. Lenzi ya ndani humalizia.

Nguvu ya konea inatokana na mviringo wake. Ukiubapaza kidogo tu, umepunguza diopta. Leza ya miale ya urujuanimno hufanya hivyo kwa kufuta tishu, robo ya mikroni hivi kwa kila mpigo. Kumpunguzia mtu diopta 1 ya kutoona mbali, katika eneo lenye upana wa milimita 6, hufutwa kina cha mikroni 12 tu katikati. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo mara kadhaa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Leza haijui konea yako ilivyo siku za kawaida. Inafuata ramani iliyopimwa. Kama siku ya kupimwa konea ilikuwa imebonyea kwa muda, leza itachonga kulingana na mbonyeo huo. Baadaye konea itarudi katika umbo lake, lakini tishu iliyofutwa hairudi.

Na kope linaweza kuibonyeza kweli? Linaweza. Soma kitabu saa nzima macho yakiwa chini, kisha inua uso utazame mbali: wapo wanaoona herufi zina vivuli kwa muda mfupi, kwa sababu ukingo wa kope umekuwa ukikandamiza konea. Uvimbe wa kope, kama ule unaobaki baada ya chokea, unaweza kuifanya konea ipinde zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ikafanana na mgongo wa kijiko badala ya mpira. Hiyo ndiyo astigmatizimu. Sasa fikiria kope lililokatwa na kushonwa. Kwanza linavimba na kuwa zito, kisha uvimbe unashuka, kovu linakaza, halafu linalainika. Ikiwa na msuli wa kuinua kope umefupishwa, mgandamizo hubadilika zaidi. Ramani ya wiki ya pili na ya mwezi wa tatu zinaweza kutofautiana.

Kisha kuna machozi, na mimi nayaona yanapuuzwa mno. Kila kope linapopepesa hupaka upya utando wa machozi wenye unene wa mikroni chache. Kope ambalo halijafumba vizuri baada ya upasuaji huacha sehemu ya konea ikikauka, na vipimo vya jicho kavu huyumba. Leza nayo, hasa ile inayofungua kifuniko cha konea kwanza, hukata mishipa ya fahamu inayopeleka ishara ili jicho litoe machozi, na mishipa hiyo huchukua miezi kadhaa kuota tena. Ukirundika ukavu wa aina mbili kwa wakati mmoja, unamtesa mgonjwa bure. Isitoshe, wakati wa leza kope huachamishwa kwa kibanio cha chuma, na mshono mbichi haupaswi kuvutwa hivyo.

Kwa hiyo kalenda ni kianzio tu. Ningemwamini zaidi daktari anayepima konea, akangoja wiki kadhaa, akapima tena, na asiwashe leza mpaka ramani mbili zilingane na jicho lifumbe kabisa usiku. Hata kliniki ikitoa punguzo la bei linaloisha Desemba, halimo katika hesabu hiyo. Kijana naye aje na karatasi ya kipimo cha miwani alichopimwa kabla kope halijaguswa, maana kwa karatasi hiyo daktari ataona mara moja kama astigmatizimu anayoipima leo ilikuwepo tangu zamani au imekuja na mshono.