Kupima Gharama za Maisha ya Mwanafunzi wa Chuo

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwaka baadhi ya vijana wetu wa Kidato cha Sita hutoka hapa kwenda vyuo vikuu. Hapa shuleni kengele ikilia chakula kipo, kitanda kipo, na usiku taa huzimwa na mtu mwingine. Chuoni sivyo. Huko kijana hupewa fedha mkononi, naye ndiye mnunuzi, mlipa kodi na mtunza hazina. Ndipo mzazi nyumbani huuliza, "Kwani maisha ya huko ni shilingi ngapi kwa siku?" Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa kukisia. Mtoto hutaja nyingi, mzazi huona kuwa zimezidi, na kila mmoja humdhania mwenziwe vibaya. Yafaa basi tujifunze namna ya kulijibu kwa hesabu.

KIKAPU NA UZITO WAKE

Hatuwezi kupima gharama za maisha kwa kutazama bei ya kitu kimoja. Mchele ukipanda na nauli isipande, je, maisha yamepanda kiasi gani? Kwa hiyo wataalamu wa takwimu hutumia kikapu, yaani orodha ya vitu na huduma ambazo watu hununua. Kila kitu kikapuni hupewa uzito wake, kwa kadiri ya fedha kinachokula. Chumvi ikipanda bei maradufu hakuna atakayefilisika, lakini kodi ya chumba ikipanda maradufu mpangaji atahama.

Tanzania Bara kazi hii hufanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo hutangaza fahirisi ya bei kila mwezi. Fahirisi yenye mwaka wa kizio 2020 ina bidhaa na huduma 383. Katika kila shilingi 100 za kikapu hicho, shilingi 28 na senti 20 ni za chakula na vinywaji visivyo na kileo, na shilingi 2 hivi ni za elimu. Hiki ni kikapu cha watu wote: mkulima, karani, mama mwenye watoto watano, na mzee aliyestaafu. Ndani yake mna vyombo vya nyumbani, mavazi ya jamaa nzima na mengine ambayo mwanafunzi hanunui.

Mwanafunzi ana kikapu chake. Hula kwa mama lishe, hulipa kitanda au chumba, hupanda daladala, hutoa nakala za masomo, na hununua kifurushi cha intaneti. Tena ni mtu wa kipato kidogo. Mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel alichunguza hesabu za jamaa za Ubelgiji akaonyesha kwamba kadiri jamaa ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha zake inavyoishia katika chakula. Basi chakula kikipanda bei, mwanafunzi huumia kuliko fahirisi ya taifa inavyoonyesha.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa kubuni, ili tuone njia tu. Ali na Rehema wanasoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ali amepanga chumba Sinza. Rehema amepata kitanda katika bweni la chuo, pale Mlimani. Tuseme kwamba mwaka wa kwanza kila mmoja alitumia shs. 10,000/- kwa siku, na kila shilingi 100 aliigawa hivi:

Ali: chakula 50, malazi 25, nauli 15, mengineyo 10.
Rehema: chakula 70, malazi 10, nauli 5, mengineyo 15.

Tuseme tena kwamba mwaka uliofuata chakula kilipanda kwa asilimia 10, kodi ya vyumba vya mitaani ilipanda kwa asilimia 20, ada ya bweni na nauli hazikupanda, na mengineyo yalipanda kwa asilimia 5. Sasa tuzidishe uzito kwa ongezeko la bei, kisha tugawe kwa 100.

Ali: chakula 5, malazi 5, nauli 0, mengineyo 0.5. Jumla 10.5.
Rehema: chakula 7, malazi 0, nauli 0, mengineyo 0.75. Jumla 7.75.

Basi ili waishi kama walivyoishi mwaka wa kwanza, Ali anahitaji shs. 11,050/- kwa siku, na Rehema shs. 10,775/-. Mji ni mmoja, chuo ni kimoja, lakini gharama zimepanda kwa viwango viwili mbalimbali. Angalia pia kwamba kama ungejumlisha yale maongezeko manne ya Ali na kugawa kwa 4, bila kujali uzito, ungepata 8.75, nayo si kweli kwa Ali wala kwa Rehema.

Njia hii ya kushika uzito wa mwanzo na kubadili bei tu huitwa kwa jina la Étienne Laspeyres, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1871. Upungufu wake ni kwamba hudhani watu hawabadili manunuzi yao. Kumbe wali ukipanda sana, wengi huhamia kwenye ugali. Kwa hiyo kikapu hakina budi kupimwa upya baada ya miaka kadhaa.

NAMNA YA KUKUSANYA HABARI

Hesabu nzuri haiwezi kuponya habari mbovu. Yapo mambo matatu ya kushika.

Kwanza, usiwaulize rafiki zako peke yao. Waulize wanaokaa bwenini na waliopanga mitaani, wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa mwisho, wavulana na wasichana.

Pili, usitegemee kumbukumbu. Mtu hukumbuka kodi aliyolipa, lakini husahau andazi la asubuhi. Kila mmoja aandike matumizi yake kila jioni kwa muda wa mwezi mzima.

Tatu, linganisha kitu kilekile kwa kipimo kilekile. Tuseme sahani ya wali na maharage iliuzwa shs. 2,000/- ikiwa na gramu 500. Leo bei ni ileile, ila sahani ina gramu 400. Zamani kila gramu ilikuwa shilingi 4, leo ni shilingi 5. Bei imepanda kwa asilimia 25, ingawa kibao cha bei ukutani hakikubadilishwa.

MFANO WA POSHO

Sasa tutazame jambo ambalo si la kubuni. Serikali hukopesha wanafunzi wahitaji kwa njia ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Sehemu moja ya mkopo ni fedha za chakula na malazi. Mwaka 2015 kiwango chake kilipandishwa kutoka shs. 7,500/- hadi shs. 8,500/- kwa siku. Kikakaa hapo mpaka mwaka wa masomo 2022/2023, kilipopandishwa hadi shs. 10,000/-.

Je, nyongeza hiyo ilitosha kurudisha thamani iliyopotea? Tokea mwaka 2016 hadi 2022 wastani wa mfumuko wa bei nchini haukushuka chini ya asilimia 3 katika mwaka wowote. Tuchukue hiyo 3 tu, ingawa kila mwaka ulizidi hapo. Zidisha 8,500 kwa 1.03 mara saba, kwa kuwa ni miaka saba. Utapata shs. 10,454/- hivi. Maana yake ni kwamba shs. 10,000/- za mwaka 2022 zilinunua vitu vichache kuliko shs. 8,500/- za mwaka 2015. Upungufu ni shs. 454/- kwa siku, yaani shs. 13,620/- kwa mwezi wa siku 30, na hapo tumehesabu kwa kiwango cha huruma. Kiwango kilipanda, lakini thamani yake ilishuka. Asiyejua kupima bei huona nyongeza tu.

NJAA HAIANDIKWI KATIKA DAFTARI

Liko kosa moja ambalo mpimaji asipojihadhari litaharibu kazi yake yote, nalo ni kudhani kwamba alichotumia mtu ndicho alichohitaji. Mwanafunzi aliyeishiwa fedha hula mlo mmoja kwa siku, hutembea kwa miguu kutoka Ubungo mpaka Mlimani, na huacha kutoa nakala za masomo. Daftari lake litaonyesha matumizi madogo. Mtu akilisoma bila kuuliza atasema, "Tazama, wanafunzi wanaishi kwa shs. 6,000/- tu!" Naye atakuwa ameigeuza njaa kuwa bei nafuu.

Kwa hiyo pamoja na safu ya fedha, kila daftari liwe na safu nyingine: milo mingapi umekula leo, umekosa nini, na umekopa kiasi gani. Halafu tengeneza kikapu cha pili, cha mahitaji: milo mitatu, mahali pa kulala penye usalama, nauli, sabuni, vitu vya hedhi kwa wasichana, na vya kusomea. Piga bei ya kikapu hicho. Tofauti iliyopo kati ya vikapu viwili ndiyo habari ambayo mzazi, chuo na Serikali wanaihitaji.

Nanyi wazazi, kijana akileta hesabu iliyoandikwa namna hii, ikaonyesha uzito, bei na siku, msiikatae kwa kuwa ni kubwa. Ikagueni mstari kwa mstari. Na wewe kijana, usidai usichoweza kuandika.

MAZOEZI

1. Uzito wa kikapu ni: chakula 60, malazi 20, nauli 10, mengineyo 10. Bei zimepanda kwa asilimia 5, 10, 20 na 0 kwa kufuatana. Gharama zimepanda kwa asilimia ngapi? (Jibu: 7.)

2. Mwanafunzi amepokea shs. 600,000/- za siku 60. Siku hiyohiyo mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita, shs. 270,000/-. Atabaki na shilingi ngapi kwa kila siku? Na kama kodi ingelipwa kidogo kidogo kwa siku 180, angebaki na ngapi? (Majibu: 5,500/- na 8,500/-.) Eleza kwa nini majibu mawili yametofautiana, ingawa kodi haikupanda.

3. Wakati wa likizo, andika matumizi ya nyumbani kwenu kwa siku 30. Tafuta uzito wa chakula katika kila shilingi 100, ulinganishe na 28.20 ya fahirisi ya taifa.