Mdogo Wako Si Mjinga

Umemgawia mdogo wako wa miaka minne uji bakulini, wewe wako uko kwenye glasi nyembamba. Analia: "Umenipunja!" Mkono unakuwasha kumzaba kibao, eti? Subiri kwanza.

Jaribu hivi. Tia maji sawasawa kwenye glasi mbili zinazolingana. Muulize, "Yako sawa?" Atakubali. Sasa, huku anaona, mimina ya glasi moja kwenye glasi ndefu, nyembamba. Muulize tena. Watoto wengi wa umri huo husema ndefu ndiyo yenye maji mengi!

Jean Piaget (1896–1980), mtaalamu wa Uswisi, alieleza kwamba mtoto mdogo huangalia jambo moja tu, urefu, akasahau upana. Kwenye miaka 7 hivi, wengi hutambua kuwa maji ni yale yale.

Kwa hiyo kibao hakimfundishi kufikiri, kinamfundisha kunyamaza. Mwache amimine mwenyewe, ayarudishe, aone. Muulize, "Kwa nini unasema hivyo?" Halafu msikilize.

Na wewe je? Sehemu ya ubongo inayopima matokeo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Rafiki akikuharakisha ukubali jambo, jiulize kwanza: kesho itakuwaje?