Majira ya Zabibu: Somo kwa Wanaojiandaa Kwenda Dodoma

Masomo: Hesabu 13:17–24, Mathayo 20:1–16, Yohana 15:1–8

Wengi wenu mmeuliza ni lini tutakwenda tena Dodoma kutazama mashamba ya mizabibu. Kabla ya kujibu, yatupasa kuungama kosa letu la safari ya kwanza. Novemba 2023 tulichanga nauli, tukapanda basi hapa Tarime, ndugu wa Mugumu wakaungana nasi Bunda, tukapita Mwanza, Shinyanga na Singida hadi Dodoma. Mama mmoja alikuwa ameuza madebe matatu ya wimbi ili apate nafasi katika safari ile. Tulipofika shambani tukakuta nguzo, nyaya, na vigogo visivyo na jani. Zabibu hata moja hakuna. Mwenye shamba alitutazama kwa huruma, akauliza ni nani aliyetuambia tuje mwezi huo. Tukakosa la kujibu, maana hakuna kati yetu aliyekuwa amemwuliza mtu yeyote.

Musa hakufanya hivyo. Hesabu 13:20 inataja kwa makusudi kwamba wapelelezi walikwenda wakati zabibu za kwanza zilipokuwa zikiiva. Ndiyo sababu waliweza kukata kichala katika bonde la Eshkoli na kukichukua watu wawili juu ya mti. Wangekwenda miezi minne mapema, wangerudi na habari za majitu tu.

Katika nchi ya Israeli kuna majira ya baridi. Mzabibu hulala, huamka, nao huvunwa mara moja kwa mwaka. Ndipo Sikukuu ya Vibanda hufuata, baada ya nafaka na zabibu kukusanywa (Kumbukumbu la Torati 16:13). Huko Ufaransa nako huvuna mara moja, karibu na Septemba, na Afrika Kusini, iliyo upande wa pili wa dunia, huvuna mwanzoni mwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu. Pale mkasi wa mkulima ndio unaouamsha. Akiisha kupogoa, baada ya miezi minne hivi vichala viko tayari. Kwa hiyo Dodoma ina mavuno mawili kwa mwaka: moja kati ya Februari na Aprili, la pili Agosti na Septemba. Sisi tuliingia katikati, mkasi umekwisha kupita.

Hata hivyo tulijifunza jambo ambalo wenye kufika wakati wa mavuno hawalioni. Katika Yohana 15 Biblia yetu hutumia neno kusafisha kwa kazi ya Baba juu ya tawi lizaalo. Wengi wetu tulidhani ni kama kufuta vumbi, au kung'oa magugu. Lakini matawi yaliyolala chini siku ile hayakuwa makavu wala magonjwa. Yalikuwa mabichi, na yalikwisha kuzaa miezi michache tu iliyopita. Ndiyo hayo yaliyokatwa, yakaachwa macho machache ya kuchipua. Mzee mmoja katika kundi letu, ambaye mwaka ule alimzika mwanawe, alisimama muda mrefu mbele ya shina moja. Hakusema neno, nasi hatukumwuliza. Tunaomba walimu wa vikundi mwe waangalifu hapa. Bwana alisema hayo kwa wanafunzi wake juu ya kuzaa kwao wenyewe. Hakuyasema matangani, wala sisi tusimwendee mfiwa na kumwambia kwamba Mungu anampogoa.

Sasa, twende lini? Mavuno ya Februari hadi Aprili kwa kawaida huangukia Kwaresima, tena ndio wakati wetu wa kupanda mazao ya masika. Dodoma nako ni msimu wa mvua. Njia za mashambani ni tope, na mvua ikinyesha karibu na kuiva huleta ukungu kwenye vichala na kupunguza utamu. Desemba hatutoki kabisa. Huo ni msimu wa tohara kwetu, na binti anayekimbia ukeketaji akigonga mlango wa kanisa usiku, sharti akute mtu. Inabaki Agosti mwishoni. Mahindi yamekwisha kuingia ghalani, barabara ni kavu, na Dodoma ni kiangazi.

Lakini pigeni simu kwanza kwa wenyeji wa Hombolo, Makutupora au Bihawana. Ndizi ukiikata mbichi huiva ndani ya nyumba. Zabibu haiivi tena ikishakatwa. Mkulima hungoja utamu ufike, kisha ana siku chache tu. Hapo ndipo tunapomwelewa yule bwana wa Mathayo 20, aliyetoka mara tano kutafuta vibarua. Saa zake ni saa zetu: saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja, jua likizama.

Mkulima wa Dodoma ana shida ambayo bwana yule hakutajiwa. Zabibu za wote huiva pamoja, na mnunuzi asipokuja kwa wakati, huozea shambani au huuzwa kwa bei ya kutupa. Wengine huzikamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu. Basi tukifika tununue. Kumbukumbu la Torati 23:24 inamruhusu mgeni kula ashibe, bila kutia chomboni mwake. Cha kutia chomboni tulipe.

Wako watakaouliza, watu wa Uamsho wafuate nini kwenye divai? Swali ni la haki, wala hatumlazimishi mtu kuingia kiwandani wala kuonja. Zabibu huliwa mbichi, tena kikombe cha Meza ya Bwana kinatoka kwenye mti huohuo. Hata mizabibu ile ya Bihawana ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia mwishoni mwa miaka ya 1950.

Katika nyumba kwa nyumba zungumzeni haya: Kwa nini kibarua wa saa kumi na moja alikuwa bado amesimama sokoni? Je, katika mtaa wetu ni nani ambaye mazao yake yanaoza kwa kukosa mnunuzi?

Watakaokwenda wajiandikishe kwa wazee wa kanisa kabla ya mwisho wa Juni. Yule mama wa wimbi ameandikwa wa kwanza, na nauli yake tutailipa sisi tulioipanga safari ile ya Novemba.